Vumbi la New York na saratani ya matiti: nani hulipwa, kwa ushahidi gani

Minara miwili ya World Trade Center ilipoporomoka New York tarehe 11 Septemba 2001, kusini mwa kisiwa cha Manhattan kulifunikwa na vumbi la saruji, jasi, kioo kilichosagika, asbesto, madini ya risasi na zebaki ya taa za mirija. Chini ya kifusi moto uliendelea kuwaka hadi Desemba, ukitoa moshi wenye benzini, dioksini na kundi la kemikali ziitwazo PAH. Wiki moja tu baada ya mkasa, mkuu wa shirika la serikali la mazingira, Christine Todd Whitman, alitangaza kwamba hewa ilikuwa salama. Mwaka 2003 mkaguzi mkuu wa shirika hilohilo alieleza kuwa siku ile hapakuwa na takwimu za kutosha kutamka hivyo.

Vumbi huvutwa mapafuni, titi linahusikaje? Punje kubwa kwa kawaida hunaswa puani. Lakini vumbi hili lilikuwa na alkali kali, likachoma utando wa pua na koo, na vijinywele vinavyofagia uchafu vikazidiwa. Tena anayebeba vifusi huhema kwa mdomo. Chembe ndogo kabisa zilifika kwenye vifuko vya hewa, na kemikali zilizozigandia zikapata njia ya kuingia kwenye damu. PAH, dioksini na PCB, ambazo zamani zilitiwa kwenye transfoma, huyeyuka katika mafuta, na titi lina mafuta tele. PCB huweza kukaa humo miaka mingi. PAH nazo zina kisa chake: zikiingia mwilini bado hazina makali. Vimeng'enya huzibadili hatua kwa hatua ili ziyeyuke katika maji na kutolewa, na katika mojawapo ya hatua hizo huzaliwa kitu kinachong'ang'ania DNA. Kimeng'enya kimoja cha kazi hiyo, CYP1B1, kimo ndani ya titi lenyewe, na hichohicho hugeuza estrojeni kuwa umbo linaloweza kuharibu DNA. Mwili hujiumiza ukiwa katika kujisafisha.

Kwa hiyo wauzaji wa chupa za "kuondoa sumu mwilini" wanauza maji ya rangi. Hakuna mchanganyiko wa mizizi unaojulikana kung'oa PCB kwenye mafuta ya titi. Imani ya karakana za kuchomelea na kupaka rangi, kwamba bilauri ya maziwa husafisha kifua, nayo haina msingi: maziwa huenda tumboni, na yakipotea njia yakaingia mapafuni, hilo ni balaa jingine.

Ushahidi wa kitakwimu wenyewe haujakamilika. Kwa watu wa New York, ongezeko limeonekana wazi zaidi katika saratani ya tezi dume na ya tezi ya shingo kuliko ya matiti. Sababu mojawapo ni kwamba wazimamoto, waliofuatiliwa kwa karibu kuliko wote, karibu wote ni wanaume. Na uvimbe wa titi hauna alama ya kuonyesha kama ulitokana na vumbi, umri au ukoo.

Sheria ya Marekani haikungoja ushahidi huo ukamilike. Mfuko wa kwanza wa fidia ulilipa zaidi ya dola bilioni 7, ukafungwa kabla saratani nyingi hazijapata muda wa kujitokeza. Sheria yenye jina la mpelelezi wa polisi James Zadroga, iliyotiwa saini Januari 2011, iliufungua upya na kuanzisha mpango wa matibabu. Mwaka 2012 saratani ya matiti iliingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya mpango huo, kwa hoja za PCB na kazi za usiku kwenye kifusi. Saratani ya mfuko wa uzazi ilisubiri hadi 2023, ucheleweshaji usio na utetezi mzuri.

Mgonjwa hatakiwi kuthibitisha kilichoanzisha uvimbe wake. Kwa mfuko wa fidia huonyesha kwamba alikuwa eneo husika, kwa kawaida kusini mwa mtaa wa Canal, kati ya 11 Septemba 2001 na 30 Mei 2002. Hati za mishahara au viapo vya mashahidi hukubalika. Mpango wa matibabu nao hutaka saratani ya matiti iwe imejitokeza angalau miaka minne baada ya kuvuta vumbi. Mwanamume mwenye saratani ya matiti hulipwa vilevile. Kwa maumivu na mateso kikomo ni dola 250,000 kwa aina moja ya saratani. Mapato yaliyopotea huhesabiwa kando.

Anayefanya kazi kwenye kifusi popote avae angalau barakoa ya N95, si kitambaa (penye asbesto hata hiyo haitoshi), na kifusi kinyunyiziwe maji. Uvimbe upimwe hospitali, mapema.

Anayedai fidia haulizwi uraia. Msafishaji wa ofisi aliyetoka Mombasa au Bujumbura ana haki sawa na polisi wa New York, ila baada ya ugonjwa wake kuidhinishwa na mpango wa matibabu ana miaka miwili ya kujiandikisha kwenye mfuko. Mlango wa kuwasilisha madai utafungwa 1 Oktoba 2090.