Mzazi akivusha mtoto mpaka, tribunali zinafanya nini?

Baba mmoja alitungojea mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Bibi yake alikuwa amevuka ziwa Albert kwa mtumbwi kutoka Tchomia pamoja na watoto wawili, na sasa wako katika kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, Uganda. Aliuliza jambo moja tu: "Mchungaji, jaji wa Bunia anaweza kuwarudisha?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliuliza wanasheria, tukasoma, na haya ndiyo tuliyopata.

Kuna mapatano ya La Haye ya tarehe 25 Oktoba 1980, ambayo inchi zaidi ya 100 zimeyapokea. Katika inchi hizo jaji haulizi ni mzazi gani aliye mwema. Anauliza mtoto alikuwa akiishi wapi kwa kawaida, na kama aliondolewa bila ruhusa ya mwingine aliye na haki juu yake. Ikiwa ndivyo, mtoto wa chini ya miaka 16 anapaswa kurudishwa upesi (mapatano yanataja wiki 6), na shauri la malezi linakatwa kule alikotoka.

Kongo haimo. Uganda, Kenya na Tanzania vilevile. Burundi pia haimo. Zambia na Afrika Kusini zimo, lakini inchi zote mbili lazima ziwemo. Mtoto wa Bunia akipelekwa Johannesburg, mapatano hayo hayamsaidii mzazi aliyebaki.

Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto, wa mwaka 1990, unakataza katika kifungu cha 29 utekaji wa mtoto, hata ukifanywa na wazazi. Ni neno zuri, ila halionyeshi njia ya kumrudisha.

Basi jaji wa Uganda anaanza mwanzo: ni nini kinachomfaa mtoto huyu? Hukumu ya Bunia anaweza kuisoma, lakini haimfungi. Na mtoto aliyepokelewa kama mkimbizi harudishwi kwa nguvu mahali penye hatari. Tulimwambia baba hayo, akajibu kwamba mahari ililipwa yote na watoto ni wa ukoo wake. Tunaelewa, wengi wetu tumelelewa hivyo. Lakini Kanuni ya familia ya Kongo yenyewe, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa 2016, inaweka mamlaka ya mtoto kwa baba na mama pamoja. Ng'ombe hawatatosha mbele ya jaji, awe wa Bunia au wa Hoima. Karatasi ndizo zinazosaidia: cheti cha kuzaliwa, ambacho sheria ya 2009 inataka kiombwe ndani ya siku 90, na hukumu ya malezi iliyotolewa kabla safari haijafanyika. Wangapi kwetu wanavyo?

Baadaye mama mmoja shemasi alitueleza ambalo baba hakusema: bibi yule alikuwa akipigwa. Hata mapatano ya La Haye yanaliona jambo hilo. Kifungu cha 13 kinamruhusu jaji kukataa kumrudisha mtoto penye hatari kubwa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mama aliyetoka Italia na mtoto wake, ilisema kwamba jaji akiona hatari hiyo halazimiki kupima kwanza kila njia ya kuipunguza.

Sisi wachungaji nasi tuna sehemu yetu. Tumewahi kutia muhuri barua ya baba aliyempeleka mtoto Kampala "kwa masomo", bila kumwuliza mama. Tangu hapo hatuandiki barua ya safari ya mtoto kabla ya kuwasikia wazazi wote wawili, isipokuwa mmoja anakimbia kipigo.

Baba yule hakwenda tribunali. Mzee mmoja wa kanisa alivuka pamoja na kaka wa mama, wakaketi naye siku mbili. Watoto bado wako Kyangwali. Jumapili jioni baba anaongea nao kwa simu, mama akiwa karibu.