Binti wa Shamba na Kitabu cha Mtihani

Mwaka 2018 binti mmoja wa shamba alikuja ofisini kwangu, karibu na Minara Miwili, yaani kanisa letu la Mtakatifu Yosefu hapa Mji Mkongwe. Alikuwa kidato cha sita, na mtihani wa fasihi ya Kiswahili ulikuwa umebakiza wiki tatu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. (Mimi ni karani tu wa parokia, lakini kwa kuwa nilipita chuo cha ualimu jina hilo halijaniacha.)

Kitabu chao kilikuwa *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi, riwaya iliyochapwa mwaka 1999. Nikamwuliza ubaguzi wa rangi umeonyeshwaje humo. Akajibu upesi upesi kama kasuku: dhamira ya kwanza, dhamira ya pili. "Vema. Na Yasmin alipomkimbia mumewe, nani alimpokea?" Kimya. Kumbe kitabu hajakifungua, amekariri daftari la wenzake!

Ninyi wazazi mnaouza ndizi na karafuu mpate ada, yafaa mjue kitabu hicho kinasema nini. Yasmin ni msichana wa Kihindi, aliyeozwa angali mtoto kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Anamkimbia. Jamaa zake wanamkataa, na anayemfungulia mlango ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo. Halafu anampenda Denge, kijana Mwafrika anayepingana na serikali ya Waingereza. Hapo ndipo balaa.

"Kwani Ng'ambo ni mbali?" akauliza binti. Nikafunga ofisi, tukaenda kwa miguu mpaka Darajani. Zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari. Upande huu nyumba za mawe za matajiri wa Kiarabu na Kihindi pamoja na Wazungu. Upande wa pili nyumba za udongo za Ng'ambo, walikokaa Waafrika wengi. Maji yalifukiwa, jina la daraja likabaki. Nikamweleza kwamba Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, na Mwafrika wa kwanza hakuketi humo mpaka mwaka 1946. Tena wakati wa Vita Kuu ya Pili hata chakula cha mgawo kilitolewa kwa kabila, na Waafrika wakanyimwa mchele.

Akasimama katikati ya watu. "Ndiyo maana Bibi husema jirani yao alijiandikisha Mwarabu apate mchele, na wao wakala muhogo! Sisi tulidhani anatania."

Nikamwazima nakala yangu, akamsomee Bibi yake, maana mzee huyo hajui kusoma. Siku za kwanza Bibi hakutaka. "Wahindi walitudharau, leo nimlilie Mhindi?" Lakini walipofika pale Yasmin anapokataliwa na watu wa damu yake, mzee akasema, "Rudia hapo."

Mtihani akaufanya, akapita. Nilipomdai kitabu changu alicheka. "Mwalimu, nisamehe. Bibi amekificha chini ya mto. Anataka asomewe tena habari za Mwajuma."