Hatua za Kazi Katika Miradi ya Maji

Ndugu wanakamati na wafadhili, tulipoanza kutumia programu ya kufuatilia kazi tuliweka hatua tatu tu: Bado, Inaendelea, Imekwisha. Kazi iliyokosa saruji na iliyokosa sahihi zote zikasomeka "Inaendelea", mpaka mvua za Novemba zikatukuta.

Sasa hatua ni tano: Imeombwa, Imekaguliwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, Inasubiri vifaa, Inajengwa, Imekabidhiwa. Kila hatua ina mhusika mmoja na sharti lake: kazi haiingii "Inajengwa" kabla mabomba hayajafika kijijini, wala "Imekabidhiwa" kabla maji hayajatoka bombani.

Tazameni zaidi "Inasubiri vifaa". Kazi ikikaa hapo, mkumbusheni mhusika mapema, barabara za Ufipa zingali zinapitika.