Dakika ya 41

Wengi wenu mliosikiliza kipindi chetu cha Siku ya Mashujaa mwaka jana mlituuliza swali moja: kwa nini sauti ya mzee inakatika ghafla kwenye dakika ya 41? Wengine mlidhani mitambo iliharibika. Haikuharibika. Mzee mwenyewe alisema, "Zima hicho kidude, mwanangu," nami nikazima.

Mzee yule alikuwa baba yangu. Alifariki Februari mwaka huu hapa Reading, akiwa na miaka 69. Wenzangu wa podikasti waliniomba niandike kumbukumbu yake, na nimechelewa kwa sababu kila nikianza inatoka tanzia ya kawaida: alizaliwa, alilitumikia taifa, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita. Yote hayo ni kweli, lakini Baba simuoni humo.

Watanzania wa hapa mjini walimwita Afande, hata wale ambao hawakuwahi kumwona na sare. Alifika Uingereza mwaka 1994. Miaka miwili aliosha vyombo hotelini, akabeba boksi usiku kwenye maghala, mwisho akapata leseni ya kuendesha basi, akaendesha miaka 17. Shifti ya alfajiri ilimkuta tayari amepiga viatu kiwi. Nishani yake ya vita ilikaa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo vya mashati na betri zilizokwisha.

Nyumbani alikuwa na sheria zake. Hakuna kula mpaka wote wawe mezani, na yeye anapakua wa mwisho. Ukitaka kumuudhi, mpakulie wa kwanza. Halafu kulikuwa na kuhesabu. Tukitoka bustanini, tukishuka kwenye treni, tukiingia kwenye gari, Baba anasimama pembeni na kidole: moja, mbili, tatu, nne. Akimaliza anarudia. Jamani, nimehesabiwa mbele ya mchumba wangu, nina miaka 31, mlangoni pa ukumbi wa harusi ya binamu.

Na tarehe 5 Novemba, Waingereza wanapowasha fataki, Baba alikuwa anakwenda jikoni, anafunga mlango na kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Tulicheka sana. Mzee anaogopa fataki! Mama hakucheka, ila hatukuwahi kumuuliza kwa nini.

Kwa wenzangu mliozaliwa huku, vita vyenyewe kwa kifupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani Kagera, yakaua raia na kupora mifugo na mali. Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi mto Kagera sasa ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa kuwaambia Watanzania kwamba tutampiga. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari. Maelfu ya wanamgambo wakaitwa, wakafunzwa haraka, wakapelekwa mbele. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa, kwa hiyo wahandisi wa JWTZ wakalazimika kutengeneza njia nyingine ya kuvuka mto. Mpaka kufika Januari 1979 wavamizi walikuwa wameondolewa na askari wetu wameingia Mutukula. Masaka ikafuata Februari, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Baba alikuwa na miaka 23. Sehemu kubwa ya njia aliitembea kwa miguu, kama wenzake wengi. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na hapo hujahesabu kuzunguka porini.

Hayo ndiyo aliyotusimulia kwenye kipindi. Alizungumza vizuri, mlimsikia. Alisimulia mvua na matope, soksi zilizooza miguuni, na mama mmoja wa Masaka aliyewapa ndizi akalia kabla wao hawajalia. Mlituandikia kwamba mlicheka alipoeleza jinsi alivyobeba sufuria ya kikosi mgongoni siku tatu kwa sababu mpishi alikuwa anaumwa. Kisha nikamuuliza kuhusu Lukaya. Hapo ndipo alipotaka nizime.

Sasa kuna jambo ambalo hatukulisema hewani, na Mama ameniruhusu niliandike.

Kila mwisho wa mwezi Baba alituma pesa Singida. Sisi ni watu wa Morogoro, Singida hatuna ndugu. Mwaka 2009 dada yangu mkubwa alikuta risiti kwenye droo, za miaka na miaka, zote kwa jina moja la mwanamke. Unajua mtu anafikiria nini. Akamuuliza Mama, Mama akajibu, "Muulize baba yako." Akamuuliza Baba, naye akasema neno moja tu: "Deni." Dada hakuzungumza naye miaka miwili. Walipopatana, walipatana juu juu, kwa ajili ya wajukuu. Nyumba ndogo, ndivyo tulivyoamini wote wanne, na kila mmoja akaibeba kivyake.

Siku ya tatu ya msiba, sebule imejaa watu, simu ya Mama ikaita. Alikuwa mzee mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa na Baba kikosi kimoja. Mama akaweka simu mezani, sauti juu, ili wote tusikie pole zake. Alitoa pole, akanyamaza, kisha akauliza, "Watoto wapo? Aliwaambia ya Lukaya?"

Akatuambia. Lukaya barabara ya kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi. Brigedi yao, ya 201, ilikuwa na wanamgambo wengi ambao hawakuwa wamewahi kuonja mapigano makubwa. Tarehe 10 Machi jeshi la Amin, likiwa pamoja na askari wa Libya, lilirusha makombora ya Katyusha. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini kishindo kile kiliwatosha. Watu walitawanyika gizani, wengine wakaingia kwenye maji ya kinamasi. Baba alikuwa na vijana tisa chini yake. Usiku ule alizunguka akiwatafuta kwa sauti, mmoja mmoja, akihesabu. Akapata wanane. Akahesabu tena, wanane. Kesho yake Brigedi ya 208 ilizunguka ikawapiga adui kwa nyuma, mapigano yakageuka, na Lukaya ikawa yetu. Yule wa tisa walimkuta pembeni ya maji. Alikuwa mwanamgambo wa Singida, mkulima, aliyeacha nyumbani mke mwenye mimba.

"Baba yenu hakuahidi mtu kitu," mzee alisema. "Hakuna aliyemwambia atume. Aliamua tu. Nilimwambia, wewe siye uliyerusha kombora. Akaniambia, mimi ndiye niliyekuwa na hesabu."

Sebule nzima kimya. Dada aliinuka akaenda jikoni, akafunga mlango.

Ningependa kuwaambia kwamba pale pale kila kitu kilikuwa sawa, lakini haikuwa hivyo. Nilimuuliza Mama baadaye kama alijua. Alijua tangu kabla hajaolewa. "Sikuwa na wivu na yule mama," aliniambia. "Kilichoniuma ni pesa. Mwaka ule mtambo wa joto ulipokufa, mlilala na makoti, na Singida pesa ikaenda. Nilimwambia, na hawa wako nani atawahesabu? Hakunijibu." Alinisimulia huku anakunja nguo za Baba za kugawa. Anampenda, na bado ana hasira naye kidogo. Nadhani ana haki ya vyote viwili.

Na sisi je? Kwa nini Baba alikubali binti yake amdhanie vibaya kuliko kusema sentensi mbili? Nimejiuliza sana. Jibu nililo nalo ni kwamba kusema kuhusu zile pesa kungemlazimu kusema kuhusu usiku ule, na usiku ule hakuweza. Kwake ilikuwa rahisi zaidi kuonekana mzinzi.

Mwisho wa Machi dada alituma pesa Singida, kiasi kilekile. Zilirudi siku hiyohiyo, pamoja na ujumbe wa yule mtoto aliyekuwa tumboni mwaka 1979, sasa ni mwalimu mwenye watoto wake: "Deni limekwisha, dada. Mzee nilimwambia zamani aache, akakataa. Njooni tu mtusalimie." Mwezi wa saba tunakwenda, dada, mimi na Mama.

Tangu kipindi kile wengi mnatuuliza mfanye nini na wazee wenu, maana wapo, hapa London, Muscat, Minneapolis, waliopigana na hawasemi. Sisi si wataalamu, ila tumejifunza mambo matatu. Usianze na vita, anza na chakula na njia, mzee atafika mwenyewe. Akisema zima, zima, lakini usiondoke kwenye kiti. Mimi niliondoka, nikaenda kuhariri sauti, na huenda hilo ndilo kosa langu kubwa. Na chukua namba za simu za wenzake wangali hai. Yale ambayo baba yako hawezi kukuambia, rafiki yake anaweza.

Kipindi chenyewe hatutakihariri upya. Ukifika dakika ya 41 utasikia Baba anavuta pumzi, halafu kimya. Tumeiacha hivyo.