Besi Bila Sauti Nyembamba ni Ngoma Isiyosema

Ni nadra siku hizi kufanyika harusi, matanga au mkutano wa hadhara huko Kakamega pasiwe na masanduku ya spika, na mengi katika hayo hayakutoka kiwandani. Yameundwa na mafundi wa jua kali kwa mbao na plaiwudi, yakatiwa spika kubwa ya inchi 12 au 15, yakapakwa rangi nyeusi na kupelekwa kazini. Besi yake hutikisa mabati. Lakini nenda ukasimame kando ya hema, usisimame mbele, kisha usikilize mwimbaji asema nini. Aghalabu hutaambulia ila mvumo.

Kasoro hiyo, ndugu msomaji, si ya besi. Yatokana na ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo mafundi huiita twita. Ama haimo kabisa, ama ilichaguliwa kwa kukisia. Fundi humaliza fedha zake kwenye spika kubwa, kisha chenji inayobaki ndiyo ya twita.

Wenyeji wa Kakamega ndio waliostahili kuwa wa mwisho kukosea jambo hili. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya mnyama na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Hakuna mzee atakayekubali ngoma kubwa ipigwe peke yake, kisha aambiwe hiyo ni isukuti. Kadhalika omutibo, mtindo wa gitaa uliovumishwa na George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963. Gitaa lake lilikwenda sambamba na mlio wa chupa ya soda. Uondoe mlio ule wa chupa, nao wimbo utakuwa umekatwa miguu.

Tutazame sababu. Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi, na hiyo ndiyo kazi ya spika kubwa. Lakini spika ya inchi 15 ina upana wa sentimita 38, na wimbi la sauti lenye urefu huo ni la mitetemo kama 900. Kupita hapo, sauti haienei tena ukumbini, bali hujikusanya mbele ya spika kama mwanga wa tochi. Aliye mbele husikia kidogo, na aliye kando hukosa. Twita, kwa kuwa ni ndogo, huweza kuisambaza sauti hiyo kwa wote.

Na ni sauti gani inayopotea? Ni ile ibebayo maana. Irabu zina nguvu, nazo hukaa chini; konsonanti nyingi ni nyepesi, nazo hukaa juu. Tuliosomea chuoni twakumbuka jinsi mwalimu asivyomwachia mwanafunzi mpaka atenge thaa na sini. Spika isiyo na twita haiwezi mtihani huo. “Fumbua” na “sumbua” huwa neno moja, “futa” na “suta” vivyo hivyo. Mshairi atasema amefumbua fumbo, na wasikilizaji wadhani amewasumbua.

Basi fundi achague nini? Mbele yake mna aina tatu.

Ya kwanza ni piezo. Ni rahisi, na kwa tabia yake hujikinga na sauti nene. Hupenda kuanzia mitetemo 4,000 hivi kwenda juu. Ubaya wake ni ukali. Mlio wake hukwaruza sikio, na usiku mzima huchosha. Inafaa kuongeza mng'aro tu, haifai kubeba maneno.

Ya pili ni twita ya kuba ya kitambaa, ile ya redio za nyumbani. Sauti yake ni tamu, lakini nguvu zake ni haba. Nyingi hutoa desibeli 90 hivi kwa wati moja, ilhali spika kubwa ya jukwaani hutoa kama 97. Tofauti ya desibeli 7 maana yake ni wati mara tano. Spika kubwa ikipewa wati 100, kuba itahitaji 500 ili iende nayo, na itaungua kabla ya kufika. Hiyo ibaki sebuleni.

Ya tatu ni twita ya honi, yenye kiini kinachosukuma hewa ndani ya mdomo kama wa baragumu. Hii hufika desibeli 105 na zaidi, nayo ndiyo stahili ya kazi ya hadhara. Lakini honi nazo hutofautiana. Zile ndogo zenye umbo la risasi huanzia mitetemo 4,000 au 5,000. Ukiifunga pamoja na spika ya inchi 15, huacha pengo katikati, na ndani ya pengo hilo ndimo yaliyomo maneno. Afadhali honi inayoweza kushuka hadi 2,000, ikifungwa juu ya spika ya inchi 12.

Kisha pawe na mlinzi wa mlango. Kapasita isiyo na upande wa chanya wala hasi hufungwa kwenye waya wa twita ili kuzuia sauti nene. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 4 huanza kuzuia chini ya mitetemo 5,000. Kwa honi inayoshuka hadi 2,000, kapasita peke yake ni kinga dhaifu. Iongezwe koili, na spika kubwa nayo iwe na koili yake, kila mmoja ajue mpaka wake. Ikiwa honi inapiga kelele kuliko besi, ipunguzwe kwa rezista mpaka zilingane. Na amplifaya ndogo isikamuliwe hadi sauti ipasuke, kwani mpasuko huo huzaa mitetemo mingi ya juu, na twita ndiyo huungua kwanza.

Mwisho wa kazi, mtihani usiwe wa kupiga sahani ya muziki mtu akatikisa kichwa. Mtu asome kwenye maikrofoni maneno kama fumbua, sumbua, futa, suta, thamani, zamani, bila mpangilio. Mwingine asimame kando, hatua ishirini, aandike asikiayo. Na awe kijana, maana sisi wa umri wa makamo masikio yetu yameshaanza kuziaga sauti za juu. Akikosea maneno mengi, sanduku lirudi karakanani.

Wako watakaosema kwamba vijana wataka besi tu, basi wapewe. Besi hatuikatai. Lakini sanduku lile lile lililochezesha harusi Jumamosi hukodishwa kwa matanga, na pale mtoto husimama kumsema baba yake kwa mara ya mwisho. Jamaa walioketi nyuma na kando hawakuja kusikia mvumo. Fundi aliyekata senti kwenye twita amewakata watu hao maneno ambayo hayatasemwa tena.

Besi ni nguzo ya nyumba, inayoshika kipaa,
Twita ni taa ya chumba, ya kuonyesha vifaa,
Hata nguzo zikipamba, gizani haitafaa,
Fundi pima ukiumba, nguzo ipate na taa.