Mtoto akiharisha, sabuni itangulie jiki

Mtoto akiharisha au kutapika, wengi wetu humwaga jiki palepale juu ya uchafu. Hapo tunapoteza dawa. Klorini huishia kwenye uchafu wenyewe, na virusi kama vya rota, vinavyoweza kukaa siku kadhaa juu ya meza au komeo la mlango, vinasalia.

Vaa glavu, fungua madirisha. Ondoa uchafu, osha kwa maji na sabuni, ndipo upake jiki: kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji baridi. Pabaki pamelowa dakika 10, kisha suuza. Changanya ya siku hiyo tu, maana ikilala hupungua nguvu. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo. Hutoa hewa ya sumu. Wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Watoto wataidhania kinywaji.

Sakafu ya udongo jiki haiisaidii sana. Kwangua udongo uliochafuka, uutupe chooni. Tunashauri nguvu ziende panaposhikwashikwa: meza, komeo, mpini wa ndoo. Na simu hii unayosomea? Izime, uipanguse kwa kitambaa chenye unyevu wa sabuni, si jiki.