Kwa Nini Eropleni za Comet Zilipasuka Angani

Tarehe 2 Mei, 1952, eropleni ya Comet ilitoka London kwenda Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Ndiyo safari ya kwanza duniani ya injini za jeti kuchukua abiria wa kulipa nauli. Haikutimia miaka miwili, Comet mbili zikapasuka angani karibu na Italia: ya kwanza tarehe 10 Januari, 1954, watu 35 wakafa, ya pili tarehe 8 Aprili, watu 21.

Comet iliruka kiasi cha futi 35,000 juu, ambako hewa haimtoshi binadamu. Kwa hiyo hewa ilishindiliwa ndani, na chombo kikatanuka kidogo. Kilipotua kilinywea tena. Mtu asiye na koleo hukata waya kwa kuukunja na kuukunjua. Hakuna mkunjo mmoja uukatao, ila mikunjo mingi huuchosha, na bati la aluminiamu nalo huchoka vivyo hivyo.

Tena nguvu ivutayo bati haienei sawasawa. Ikifika penye tundu huzunguka na kusongamana pembeni. Kila fundi cherehani ajua kwamba kitambaa kinachokataa kupasuka kwa mkono, kikitiwa mkasi kidogo ukingoni, hupasuka mara moja.

Huko Farnborough, Uingereza, wastadi walitia Comet nzima katika tangi kubwa, mabawa yakabaki nje, wakaijaza maji. Hewa iliyoshindiliwa ikifunguka ghafula hulipuka kama kombora na kuharibu ushahidi wote. Maji hayafanyi hivyo. Shinikizo liliongezwa na kupunguzwa tena na tena. Mwezi wa Juni 1954, baada ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza pamoja, ubavu ulipasuka, na ufa ulianzia kwenye pembe ya tundu. Kipande cha paa kilichoopolewa baharini karibu na kisiwa cha Elba kilionyesha ufa wa namna hiyo hiyo.

Ajabu ni kwamba watengenezaji walikuwa wamekwisha kupima. Kipande chao kilistahimili shinikizo zaidi ya mara 16,000. Lakini kipande hicho kilikuwa kimetiwa kwanza shinikizo la karibu maradufu, na kule kuvutwa kupita kiasi kulizinyosha pembe zake, zikadumu kuliko pembe za eropleni yo yote iliyochukua abiria. Jaribio lenyewe liliwadanganya.

Comet 4, yenye bati nene zaidi na madirisha ya mviringo, ilianza kuvuka Atlantiki mwaka 1958, na mwaka 1960 ikapokelewa na East African Airways.